Nani aliwaambia Mungu ana mizani?

Bwana Yesu asifiwe. Leo siandiki kwa upole, mtanisamehe, maana nimetoka kwenye msiba wa tatu mwaka huu ambao mtu kashika maiki akaitoa ile sentensi, na mimi nimekaa pale na karatasi ya ratiba mkononi siwezi hata kumnyang'anya.

Sentensi mnaijua. "Mama usilie, Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba, kakuona wewe ni jasiri." Halafu turubai zima: Ameeen.

Tumezika, watu wamerudi kwenye viti wanasubiri chakula, yule mama akanivuta pembeni kwenye migomba akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwinjilisti, kwa hiyo ningekuwa mwanamke legelege baba watoto angekuwa hai?"

Nilikosa jibu. Yani nilisimama pale kama mgomba mwenyewe. Maana ukiifuata ile sentensi mpaka mwisho wake ndipo inapokufikisha hapo hapo, kwamba ujasiri wako ndio umemuua mumeo, na wanyonge ndio wenye bahati. Hakuna mtu anayekusudia kusema hivyo najua, ila mfiwa ana usiku mzima wa kuzungusha maneno kichwani wakati wewe uliyeyasema umeshashuka zako mjini.

Haya, inatoka wapi? Wanaoleta ubishi huwa wananifungulia 1 Wakorintho 10:13. Someni Biblia ya Union Version taratibu: "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo; lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea". Neno mzigo liko wapi? Halipo. Kifo hakipo, kansa haipo, ada haipo. Anzeni mstari wa kwanza wa sura mkaone Paulo anaongelea nini, Israeli jangwani, kuabudu sanamu, uzinzi, manung'uniko, watu 23,000 wanaanguka siku moja, halafu mstari wa 12 anayejidhania amesimama aangalie asianguke, halafu huo wa 13, halafu wa 14 "ikimbieni ibada ya sanamu". Ni kushawishika kutenda dhambi jamani. Anamwambia Mkorintho usinidanganye kwamba ulishindwa kujizuia, mlango wa kutokea ulikuwepo. Ni mstari wa kumkata mtu visingizio, sisi tumeugeuza rambirambi!

Tatizo nadhani liko kwenye neno lenyewe, jaribu. Sisi ukisema "napitia majaribu" kila mtu anaelewa matatizo, hakuna anayefikiria umeshawishika kuiba. Na hapa niwe mkweli, Kigiriki nacho hakinisaidii sana, peirasmos inabeba yote mawili, na Yakobo sura ya kwanza analitumia kwa dhiki halafu mistari michache mbele anaongelea tamaa. Kwahiyo wapo watumishi waliosoma kunizidi wanaosema 10:13 inagusa na mateso pia, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Mimi nasimama na muktadha. Ila hata ukiwapa hiyo, bado kinachoahidiwa ni mlango, hakuna aliposema mabega yako yatatosha.

Halafu kinachonichosha zaidi, ni Paulo huyu huyu. Geuza kurasa chache tu, 2 Wakorintho 1:8, anasimulia dhiki ya Asia, "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi". Kuliko nguvu zetu! Mtume mwenyewe kaandika kwamba alipewa zaidi ya uwezo, sisi tunasimama na maiki kumkanusha. Elia chini ya mti wa mretemu anaomba afe, na malaika hamwambii wewe ni jasiri, anamwambia inuka ule, "maana safari hii ni kubwa mno kwako". Anakubali kwamba ni kubwa! Kisha kuna mkate na maji. Musa naye akalia kwamba watu hawa siwawezi peke yangu, akapewa wazee 70. Zaburi ya 88 hata haimalizii kwa furaha, inaishia gizani, isomeni wenyewe sitaki kurefusha.

Kabla ya chuo cha Biblia nilipanda mlima Kilimanjaro misimu miwili kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya watalii. Pale geti la Machame mzigo unapanda kwenye mizani, mwisho kilo 20. Nadhani sisi wa Moshi ndivyo tunavyomuona Mungu, kasimama getini anakupima mabega kwa macho, huyu kilo 20 za ujane, huyu 15 za kufukuzwa kazi, pita. Ila waliobeba wanajua, mzigo ukizidi hakuna anayekupigapiga mgongoni akakwambia utaweza kaka. Unafunguliwa pale pale, unapunguzwa, cha juu anapewa mwingine. Na ndicho Wagalatia 6:2 inachosema, mchukuliane mizigo. (Mstari wa 5 unasema kila mtu atalichukua furushi lake, najua, msinitumie meseji. Furushi na mzigo hapo ni maneno mawili hata kwenye Kigiriki.)

Kuna bibi mmoja usharikani alinituliza kidogo. Nilikuwa nafundisha haya kwa ukali wangu huu, akasema mwanangu hiyo sentensi nimejisemea mwenyewe kila asubuhi tangu nimeachiwa watoto sita, usininyang'anye. Nikanyamaza. Sijui mpaka leo kama nilitakiwa kumsahihisha. Labda mtu kujisemea mwenyewe ni kitu kingine na kuambiwa kwenye maiki, labda natafuta tu pa kutokea. Na lingine, nimeshazika watu ambao kwa macho yangu ule mlango wa kutokea sikuuona kabisa. Nahubiri kwamba Mungu ni mwaminifu na ninaamini, ila nikiulizwa mlango wao ulikuwa wapi, sina cha kusema.

Na nisijifanye, mwanzoni mwa uinjilisti hiyo sentensi niliitumia sana mimi mwenyewe. Ni rahisi, inafunga mazungumzo, unaenda kula.

Kwa yule mama nilirudi Jumamosi kwenye jumuiya, nikamsomea ile ya Asia. Akaniuliza "hata Paulo?" Nikamwambia hata Paulo. Akaniomba nimkunjie ukurasa, nikaukunja, hatujaombeana kwa kelele wala nini. Kisha akasema kinachomtesa sasa hivi ni ng'ombe wawili na hana wa kukata majani, mumewe ndiye alikuwa anashuka tambarare kuyafuata. Jumuiya wakagawana zamu hapo hapo kabla ya sadaka. Mimi nimepewa Jumatano, na mundu wangu ni butu, mwenye tupa anitafute.