Selulaiti kwenye mguu wa Klippel-Trenaunay

Klippel-Trenaunay ni hali adimu ambayo mtoto huzaliwa nayo: doa la zambarau kwenye ngozi, vena zilizotuna, na mguu mmoja unaokua kuliko mwenzake (mara chache huwa mkono). Jina ni la madaktari wawili wa Ufaransa walioieleza mwaka 1900. Kwa watoto wengi chanzo ni hitilafu katika jeni ya PIK3CA, inayoamrisha seli zikue. Hitilafu hiyo hutokea mimba ikishatungwa, tena kwenye baadhi ya seli tu. Basi wanaotafuta wa kulaumiwa kwenye ukoo wanajisumbua.

Watu huutazama ukubwa wa mguu. Mimi ningeitazama ngozi, kwa sababu ya selulaiti: bakteria kuingia chini ya ngozi na kuenea.

Mara nyingi mishipa ya limfu ya mguu huo nayo imeumbika vibaya. Limfu ni majimaji yanayozoa vijidudu mwilini na kuvipeleka kwenye tezi vikauawe. Yakituama, vijidudu vimepata dimbwi. Mlango nao uko wazi. Sogea karibu uone vilengelenge vimejazana kama mbegu za pesheni, vingine vyeupe, vingine vyeusi kwa damu. Vikipasuka huchuruzika hadi soksi ikalowa. Bakteria hupita hapo, au kwenye nyufa za katikati ya vidole.

Utaambiwa uangalie wekundu. Kwa ngozi nyeusi yenye doa la kuzaliwa, wekundu unaweza usiuone kabisa. Weka kiganja: pana moto kuliko jana, pamekuwa pagumu, mtoto hataki kukanyaga, anatetemeka kwa homa. Zungushia uvimbe mstari wa kalamu, kisha mpeleke hospitali usiku huohuo. Daktari ataona umevuka mstari kwa kiasi gani. Bakteria wakifika kwenye damu wanaweza kuleta sepsisi, yaani mwili mzima kuzidiwa na maambukizi, nayo huua. Hapo vidonge vya duka la dawa havitoshi, hutakiwa antibiotiki ya kupitia mshipa.

Pwani, bibi atasema ni matende. Siyo: matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na mguu huvimba baada ya miaka. Lakini limfu hutuama vilevile, kwa hiyo ushauri wa wagonjwa wa matende unafaa hapa pia: osha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kausha kila katikati ya vidole kwa kipande laini cha kanga. Selulaiti ikizidi kujirudia, daktari anaweza kumwandikia mtoto penisilini ya kinga, anywe hata siku ambazo haumwi.