Hatari imeongezeka maradufu: kutoka ngapi hadi ngapi?

Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa onyo: aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Magazeti na televisheni wakalidaka, na wanawake wengi wakaacha vidonge, wengine pakiti ikiwa katikati. Sasa tazama hesabu yenyewe. Kwa vidonge vya zamani, tatizo hilo lilimpata mwanamke 1 kati ya 7,000 kwa mwaka; kwa vile vipya, wanawake 2 kati ya 7,000. Maradufu kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini mwaka uliofuata, utoaji mimba huko England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe, kila mfamasia anajua, unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko kidonge chochote kati ya vile.

Mimi ni mfamasia, na kisa hiki ndicho ninachokitumia kila mtu anapokuja dirishani na simu yake, kichwa cha habari kimewashwa, ananiuliza kama aache dawa fulani au chakula fulani. Namuuliza swali moja: imeongezeka kutoka ngapi hadi ngapi? Mara nyingi tunaisoma habari pamoja mpaka mwisho na jibu halimo. Imeandikwa asilimia tu, na asilimia bila namba ya mwanzo haina maana yoyote kwa mtu anayetaka kufanya uamuzi.

Chukua nyama za kusindika, yaani soseji, bekoni na jamaa zao. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, lilitangaza kwamba gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Watu wakasikia 18 kati ya 100, kumbe siyo. Nchini Marekani, kwa mfano, kiasi cha watu 4 kati ya 100 hupata saratani hiyo katika maisha yao yote. Ongeza asilimia 18 juu ya hao 4: hawafiki hata 5. Ni ongezeko la kweli, na kwa nchi nzima ni wagonjwa wengi sana, kwa hiyo serikali ina haki ya kulishughulikia. Kwa mtu mmoja anayekula soseji mara mojamoja, sioni sababu ya kukosa usingizi. Anayekula kila siku, hapo nitamwambia apunguze, tena bila kumung'unya maneno.

Palikuwa na mkanganyiko mwingine kwenye habari ile, na huu unaniudhi zaidi. Nyama hizo ziliwekwa kundi moja na tumbaku, vichwa vya habari vikasema soseji ni sawa na sigara. Makundi ya IARC yanapima jambo moja tu: ushahidi una nguvu kiasi gani kwamba kitu fulani kinaweza kusababisha saratani. Kinasababisha kwa wangapi, hayasemi. Jua nalo limo kundi hilohilo la kwanza, na pombe pia. Kuwa na uhakika kwamba mbwa anaweza kuuma na simba anaweza kuuma hakumaanishi wanauma sawa.

Julai 2023 mambo yakajirudia kwa aspartame, ile sukari bandia ya kwenye soda za "bila sukari". IARC waliiweka kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi ambalo lina hata dondoo la jani zima la mshubiri, mmea ambao watu hunywa wakitafuta afya! Siku hiyohiyo kamati nyingine ya wataalamu, inayoangalia kiasi ambacho mtu anakula, ilibakiza kikomo kilekile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ili akivuke kikomo hicho, mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda hizo kwa siku, na hapo bado hatujahesabu aspartame iliyomo kwenye vyakula vingine. Taarifa zote mbili zilitoka pamoja, ila iliyosambaa ni moja.

Sipendi kuwatwisha waandishi wa habari mzigo wote. Watafiti waliochambua taarifa kwa vyombo vya habari za vyuo vikuu 20 vya Uingereza, katika kazi iliyotoka mwaka 2014, walikuta asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko utafiti wenyewe ulivyosema. Chumvi hiyo ilikuwa imeshatiwa kabla mwandishi hajaishika kalamu.

Na ule ushauri wa kutembea hatua 10,000 kwa siku, nao umetoka wapi? Kwenye kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala si maabara. Mwaka 2019 utafiti wa wanawake wa Marekani zaidi ya 16,000, wastani wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wa 2,700, na kwenye 7,500 hivi faida ikaacha kupanda. Ni kweli mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu anaumwa, kwa hiyo tusiibebe namba hiyo kama sheria. Lakini namfahamu zaidi ya mtu mmoja aliyeacha kutembea kabisa kwa kuwa elfu kumi zilimshinda, na huyo ndiye ninayemwonea huruma.

Habari ambayo ningependa isambae kuliko hizo zote haikupata makelele. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, walipima shinikizo la damu la watu walewale mkono ukiwa mahali tofauti. Ukilinganisha na mkono uliolazwa mezani usawa wa moyo, mkono uliowekwa pajani ulipandisha namba ya juu kwa karibu 4, na ulioachwa ukining'inia ubavuni kwa 6.5. Mwenye 136 anasomeka 142, anavuka 140, mpaka ambao wengi huutumia kusema shinikizo liko juu, na anaweza kuondoka na dawa ya maisha. Kuna na mengine: kupiga soga wakati mashine inajaza upepo, kubanwa na mkojo, kufunga mkanda wa mashine juu ya nguo, kupimwa ukiwa umetoka kupanda ngazi. Yote hupandisha.

Kwa hiyo ukienda kupimwa, kaa kimya dakika 5 kwanza, egemeza mgongo, miguu yote miwili ikanyage chini, usikunje nne, pandisha mkono wa shati. Aliyekupima akiuacha mkono wako unaning'inia, mwombe mahali pa kuuegemeza. Akikunja uso, mwombe tena kwa heshima, na namba ikitoka juu omba upimwe mara ya pili baada ya dakika moja au mbili.