Zamu ni ya ndoo: orodha ya wapigaji katika softiboli

Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika Tabora, foleni ya bombani ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu huondoka, ndoo hubaki. Mama akirudi kuchungulia maharage jikoni akamwacha mtoto asimame badala yake, hakuna wa kulalamika: nafasi ni ya ndoo, na ndoo iko palepale, nyuma ya dumu la njano na mbele ya beseni la jirani. Ukiielewa foleni hiyo umeshaielewa nusu ya orodha ya wapigaji katika softiboli.

Softiboli ina wachezaji tisa uwanjani na awamu saba, na katika kila awamu timu zote mbili hupokezana kupiga na kulinda. Timu moja hulinda uwanja, nyingine hupeleka mtu mmoja mmoja na gongo mkononi (la kupigia mpira, si lile la kunywa) kumkabili mrushaji. Kabla ya mchezo kocha humkabidhi mwamuzi karatasi yenye majina kuanzia wa kwanza hadi wa tisa, na wapigaji hufuatana hivyohivyo mpaka mwisho. Wa tisa akimaliza, anarudi wa kwanza. Awamu ikiishia kwa mpigaji wa tano, awamu ijayo ya timu hiyo inafunguliwa na wa sita. Foleni haianzi upya kwa sababu watu walienda kupumzika. Na nafasi ya mtu uwanjani haihusiani na nafasi yake kwenye orodha. Mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, anaweza kuhamia kulinda beisi ya tatu (beisi ni vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia kwa zamu mpaka arudi alipopigia, yaani nyumbani) katikati ya mchezo, lakini kama alikuwa mpigaji wa pili, bado ni wa pili.

Kwenye kubadilisha wachezaji ndipo sisi watu wa soka tunapotoka kapa. Pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mchezaji akishatolewa, huyo ameshamaliza kazi, atavaa jezi ya akiba akae. Softiboli ina huruma zaidi. Kwa sheria za kimataifa, mchezaji aliyeanza mchezo akitolewa anaweza kurudi mara moja, kwa sharti kwamba arudi kwenye nafasi yake ileile ya kupiga. Alikuwa wa tatu, basi aliyemrithi amepiga wa tatu, na yeye akirudi anapiga wa tatu. Wawili hao hawawezi kuwa mchezoni kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndoo ni moja. Mwingine akichukua nafasi ya mchezaji wa akiba, huyo wa akiba ndiyo basi tena.

Kila badiliko lazima aambiwe mwamuzi. Asiyetangazwa akapiga kwenye nafasi sahihi hajapiga nje ya zamu. Amefanya kosa jingine lenye kifungu chake. Watu huyachanganya makosa haya mawili, kelele zikawa nyingi kuliko mchezo.

Kuna pia karatasi yenye majina kumi. Timu inaweza kumteua mtu wa kupiga badala ya mlinzi mmoja, aghalabu mrushaji ambaye gongo humshinda. Jina la anayepigiwa huandikwa la kumi, chini kabisa, na yeye akitaka kupiga anaruhusiwa kwenye nafasi moja tu: ya yule aliyekuwa akimpigia.

Sasa zamu ikirukwa. Tuseme mpigaji wa nne amefika beisi ya kwanza. Anayetakiwa ni wa tano, lakini kwa haraka au kwa usingizi anasimama wa sita. Hatima ya kosa hilo inategemea limegunduliwa lini.

Likigunduliwa akiwa bado anapiga, hakuna adhabu. Wa tano anaitwa, anachukua hesabu kama alivyoikuta. Kama ni boli moja (mrusho mbovu ambao mpigaji ameuacha) na straiki mbili (mirusho mizuri aliyoiacha au kuikosa), anaanzia hapohapo, amerithi deni asilokopa. Mwenzao aliyekuwa amekimbilia beisi ya pili wakati huo habughudhiwi, anabaki nayo.

Likigunduliwa baada ya wa sita kumaliza, lakini mrushaji hajarusha mpira kwa mpigaji anayefuata, hapo ndipo penye utamu. Tuseme wa sita amepiga vizuri, yuko beisi ya pili, na wa nne ameingia nyumbani na pointi. Timu inayolinda ikidai kwa mwamuzi, anayetolewa auti, yaani anayehesabiwa nje, ni wa tano, ambaye hata gongo hajaligusa! Kosa linamwangukia aliyeacha zamu yake, si aliyeidandia. Pointi inafutwa, wa nne anarudishwa beisi ya kwanza, wa sita anaondolewa beisi ya pili. Na mpigaji anayefuata ni nani? Anayemfuata aliyetolewa, yaani wa sita yuleyule. Anarudi kupiga tena, safari hii kihalali. Nimewahi kumweleza ndugu yangu jambo hili mara tatu, na mara zote tatu alidhani namtania.

Mpira mmoja ukisharushwa kwa mpigaji anayefuata, kesi imekwisha. Pointi inabaki, wa sita anabaki beisi, wa saba ndiye mpigaji halali, na wa tano amekosa zamu mpaka foleni imzungukie tena. Ni kama bombani: jirani akichota kabla yako, piga kelele kabla ya ndoo inayofuata kuanza kujaa. Baada ya hapo utaambiwa ulikuwa wapi. Dai hufa pia walinzi wakishatoka uwanjani awamu ikiisha.

Mwamuzi hasemi kitu mpaka adaiwe, hata kama karatasi iko mfukoni mwake na ameona kila kitu. Kazi ya kuona ni ya timu, na mara nyingi humwangukia yule anayeandika alama kwenye benchi. Akiwa mjanja, akiona wapinzani wamerukana hainuki papo hapo, maana akisema mapema atakuwa amewasaidia tu kumleta mtu sahihi. Anasubiri.  Mpigaji wa uongo akifika beisi, mwandishi anamkonyeza kocha kabla mrushaji hajainua mkono. Kwenye benchi la pili mwenzake naye ameshaona kosa la timu yake. Kama mpigaji bado amesimama na gongo, anamwita haraka arudi. Kama ameshapiga, huyo mwandishi anainamia daftari lake kama asiyejua kitu, akiomba mrushaji awe na haraka.