Je, Wajua? Bingwa wa Kwanza wa Poka Duniani Alipatikana kwa Kura

Ukipita Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba baada ya sala ya alasiri, hukosi baraza lenye karata. Wanne wanacheza, kumi wanatazama, kahawa na kashata zinazunguka, na wenye kelele ni hao kumi. Mchezo ni wahedi wa sitini. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Karata zote pamoja zina pointi 120, kwa hiyo anayefikisha 61 kashinda na hakuna wa kumbishia. (Kopa, uru na pau ni maneno ya Wareno, na hata hesabu hiyo ya pointi inafanana na ya mchezo wao wa biska. Ndiyo maana mzungu anaitwa wa nne au wa tatu: ni thamani yake.)

Juzi kijana mmoja alikuja na video ya poka kwenye simu, na ubishi ukazuka: nani mchezaji bora wa poka duniani? Mmoja akamtaja Phil Hellmuth, mwingine akaapa ni Phil Ivey. Mzee aliyekuwa akichanganya karata akawakata kauli: "Wanangu, kwanza niambieni, sitini na moja yao ni ngapi?"

Wakanyamaza wote. Swali hilo ndilo linalofanya ubishi wa poka usiishe, maana poka haina sitini na moja.

Mwaka 1970 Benny Binion aliwaita wachezaji wakubwa wachache kwenye kasino yake ya Horseshoe, Las Vegas. Wakacheza aina kadhaa za poka kwa fedha zao. Walipomaliza, hapakuwa na njia ya wazi ya kumjua bingwa, basi wakapiga kura wenyewe kwa wenyewe. Akachaguliwa Johnny Moss, akapewa kikombe cha fedha. Mwaka uliofuata utaratibu ukabadilika: watu wacheze mpaka mmoja abaki na mtaji wote wa mezani. Moss akashinda tena kwa utaratibu huo mpya, kwa hiyo wale waliompigia kura hawakuwa wamekosea.

Tangu hapo vipimo vimeongezeka, na kila kimoja kina mtu wake. Mashindano hayo ya dunia, yaliyoanzia kwa Binion, hutoa bangili kwa mshindi wa kila shindano lililo ndani yake, likiwemo shindano kuu la kumpata bingwa. Kwa bangili, Hellmuth hana mpinzani: anazo 17, ya kwanza ikiwa ya shindano kuu la 1989, alipokuwa na miaka 24 na akamzuia Johnny Chan kutwaa ubingwa mara ya tatu mfululizo.

Kipimo cha fedha ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote. Mwaka 2019 palikuwa na shindano London ambalo kiingilio chake kilikuwa pauni 1,050,000 kwa kila mtu, 50,000 kati ya hizo zikienda kwenye hisani. Walipobaki wawili, Bryn Kenney na Aaron Zang, walikubaliana kugawana zawadi kulingana na mtaji wa kila mmoja, kisha wakamalizia mchezo. Zang akashinda. Lakini Kenney, wa pili, ndiye aliyeondoka na nyingi zaidi, karibu pauni milioni 17, akapanda juu ya orodha ya wachumaji wote wa historia ya mashindano. Nani kati yao alikuwa bora siku ile? Orodha haikujibu. Wala haionyeshi kiingilio ambacho mchezaji amekilipa kila aliposhindwa.

Halafu kuna bahati. Katika Texas Hold'em, mojawapo ya aina za poka, kila mtu anapata karata mbili za siri, na tano zinafunuliwa katikati kwa wote. Ukiwa na ree mbili na mwenzio ana wazungu wa nne wawili, hakuna mwanzo mzuri kuliko wako, na bado atakufunga kama mara 18 katika 100. Hapo hujakosea chochote. Na mwingine anaweza kukupiga mkwara, akaweka fedha nyingi mpaka ukatupa karata nzuri, na usijue kamwe alikuwa na nini. Ndiyo maana ustadi wa poka huonekana baada ya maelfu ya michezo. Shindano moja linaweza kumbeba yeyote. Mwaka 2003 mhasibu Chris Moneymaker, aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la intaneti, aliwashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5.

Ushindi huo ulivuta umati. Stu Ungar alipotwaa shindano kuu mwaka 1980 waliingia wachezaji 73. Mwaka 2006 waliingia 8,773. Wapo wanaomshusha Ungar kwa sababu hiyo. Mimi siwezi. Alirudia mwaka 1981, akazama kwenye dawa za kulevya, kisha akarudi 1997 na kushinda mara ya tatu akiwa amedhoofika. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 45.

Kura yangu, hata hivyo, inakwenda kwa Ivey. Ana bangili 11, chache kuliko za Hellmuth, lakini zitazame zimetoka wapi. Bangili 11 za kwanza za Hellmuth zote ni za Hold'em. Za Ivey hakuna hata moja ya Hold'em pekee: ni za aina nyingine za poka, yaani Omaha, ile iitwayo "stud", poka ya kubadilisha karata, na mashindano yanayochanganya aina nyingi. Na nje ya mashindano, mwaka 2006 alikaa na tajiri Andy Beal kwa siku 3, wawili tu mezani, akaondoka na zaidi ya dola milioni 16.

Niliyasema hayo barazani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akagawa karata, akaniuliza: "Na wale waliokaa naye meza moja, wanasemaje?" Alikuwa hajaambiwa lolote kuhusu kura ya 1970.