Kwa Nini Mafundi Wanahama Karakana: Dhana na Ukweli

Waulize wenye karakana za vyuma hapa Malindi kwa nini mafundi wao hawakai, wengi watakwambia vijana wa siku hizi hawatulii. Nakataa. Kijana aliyesimama mwaka mzima mbele ya mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikichongwa, akavumilia joto na chembe za chuma zinazomrukia, ametulia vya kutosha. Kuna kitu kimemchosha.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba ukimfundisha fundi umemfundishia mwenzio: atapata cheti akimbilie Mombasa au bandari mpya ya Lamu. Wapo wanaokwenda, ndiyo. Lakini asiyefundishwa naye huenda, tena mapema, maana kila siku kwake ni kufagia, kushika tochi na kutumwa chai. Tuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya 3 kupanda hadi ya 1. Mwambie kijana waziwazi: ukipita ya 3 utaachiwa bushi, zile pete ambamo shafti huzungukia, uzikereze mwenyewe na mshahara utapanda kiasi hiki, ukipita ya 2, shafti za boti, vile vyuma vinavyozungusha rafadha, ni zako. Kisha timiza.

“Akiondoka mmoja, wako kumi mlangoni.” Wako kweli, ila si mafundi. Fundi mzoefu huiacha shafti ipoe kabla hajaipima kwa mikromita, kwa kuwa chuma cha moto huwa kimetanuka. Mgeni hupima papo hapo, anaona bado nene, anapunguza tena. Ikipoa, imepungua kupita kipimo, na chuma kilichokatwa hakirudi. Ukiifunga hivyo hivyo inacheza, bushi inalika, boti inaanza kuingiza maji. Hiyo ndiyo gharama ya aliyeondoka: chuma kimeharibika, siku imepotea, na mvuvi hakwenda baharini.

Kuna pia wanaoamini kwamba mshahara ukizuiliwa, fundi hatatoka. Atatoka, na atakusema mji mzima. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, anayelipwa kwa mwezi akitoa notisi ya siku 28 kwa maandishi anaondoka zake, na hati ya utumishi ni haki yake. Msimu wa kusi, pesa za wavuvi zikiadimika, mweleze mapema lini utamlipa. Usimfiche.

Je, wanafuata pesa tu? Pesa ni muhimu, mtu ana kodi na karo. Lakini sikiliza mafundi wakizungumza wenyewe kwa wenyewe: miwani ya kukinga macho imekwaruzika hadi haionyeshi, breki ya mashine haishiki, na mwenye karakana ameambiwa mara ngapi. Basi usingoje mtu afunge virago ndipo umuulize. Waulize waliobaki, leo, ni mashine gani inawatia hofu, na uitengeneze wiki hii hii.