Embe halina tundu, fukusi kaingilia wapi?

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Uyui alinijia na ndoo ya maembe dodo. Dalali alikuwa ameukataa mzigo wake wote baada ya kupasua maembe matatu tu. "Mwanangu," akaniambia, "msimu huu nimepiga dawa mara nne. Hawa wadudu wanaingilia wapi?"

Nikachukua embe moja. Ganda safi, halina doa wala tundu. Nikakata shavu: nyama ya njano, tamu, nikala. Kisha nikaipasua kokwa kwa panga. Palipopaswa kuwa na mbegu nyeupe palijaa ungaunga mweusi, na ndani yake fukusi wa rangi ya kahawia iliyokolea, urefu wake kama punje ya hindi. Akaanza kutambaa mezani. Mzee akamtazama kimya.

Huyo ni fukusi wa kokwa. Jike hutaga yai juu ya ganda embe likiwa bado changa, kisha hukwaruza ganda pembeni mpaka utomvu utoke, ulifunike yai na kukauka. Funza akianguliwa hutoboa nyama ikiwa laini na kuingia kwenye kokwa kabla haijawa ngumu. Embe linaendelea kukua, na njia aliyopita inajifunga. Ndiyo maana huoni tundu. Dawa ya mzee ilipigwa maembe yakiwa makubwa, wakati funza keshajifungia ndani siku nyingi. Ililowesha ganda tu.

Mara nyingi nyama haiguswi, na embe kama hilo unaweza kulila bila wasiwasi. Hasara iko kwingine: mnunuzi wa nje ya nchi hataki mzigo wenye fukusi, na mwenye kitalu akipanda kokwa iliyoliwa haioti, au inatoa mche dhaifu. Fukusi huyu haruki mbali. Tunambeba sisi. Mtu ananunua maembe Tabora, anayala ndani ya treni ya Kigoma, na kokwa zinatupwa Urambo, Kaliua, Uvinza. Kila mara nikiona jambo hilo roho inaniuma.

Tuliendelea kupasua. Maembe mawili yalikuwa na funza weupe kwenye nyama yenyewe, na hao ni wa nzi wa matunda. Huyu hutaga chini ya ganda tunda likikaribia kukomaa, na alama yake ni ndogo kama ya ncha ya sindano. Funza akishiba hutoka, akadondoka na kujichimbia kwenye udongo wa juu. Kwa hiyo embe lililoanguka ukiliacha chini ya mti, unamfuga nzi huyo shambani. Mitego ya chambo cha harufu hunasa madume peke yake. Inasaidia, lakini haitoshi bila kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia.

La mwisho halikuwa na mdudu kabisa. Nyama inayozunguka kokwa ilikuwa rojorojo, kama imechemshwa, na huku nje bado ngumu. Embe huiva kuanzia ndani, na likichelewa kuchumwa ndani hupitiliza. Mbolea nyingi ya naitrojeni na upungufu wa kalsiamu huzidisha tatizo. Aina ya embe iitwayo Tommy Atkins inasifika kwa ugonjwa huu. Hapa dawa ya wadudu ni kupoteza pesa bure: chuma mapema, mara mabega ya embe yanapojaa na kupanda juu ya kikonyo.

Mzee aliuliza shimo la kufukia liwe na kina gani. Nusu mita au zaidi, nikamwambia, na kokwa zote za nyumbani ziingie humo, hata zile zilizotupwa na watoto. Akazirudisha kwenye ndoo moja moja, fukusi yule akamponda kwa kisigino. Jumamosi nitakwenda kwake tukague nyufa za magome, maana humo ndimo wengine wanakosubiri miembe itoe maua.