Gapi: rangi si ya dume peke yake

Wafugaji wengi wa gapi, samaki wadogo wa mapambo, huamini kwamba rangi ni mali ya dume. Humtafuta dume mwenye mkia wa kuvutia, kisha humwekea jike yeyote. Imani hii haikuzuka hewani. Mwaka 1922 Øjvind Winge wa Denmark alionyesha kuwa baadhi ya madoa hupita kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume tu, kwa kuwa jeni zake zimo kwenye kromosomu ya Y, ambayo dume pekee huwa nayo.

Baadhi, si yote. Jeni nyingine za rangi zimo kwenye kromosomu ya X, na dume hupata X yake kwa mama. Nyingine, kama ya ualbino, sharti zitoke kwa wazazi wote wawili ndipo zionekane. Jike wa kijivu basi huenda amebeba rangi tele. Anachokosa ni homoni za kiume za kuzidhihirisha. Mpime kwa kaka zake na wanawe, maana kumtazama yeye hakukuambii mengi.

Kinachowaponza wengi zaidi ni hiki: jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Uliyemnunua dukani, alikochanganywa na madume, anaweza kuzaa mara kadhaa watoto wa dume usiyemjua, nawe ukamlaumu dume wako bure. Tumia jike ambaye hajapandwa. Watenge vifaranga wa kike na wa kiume wakiwa na wiki tatu hivi, au mapema zaidi ukiona pezi la chini la madume limeanza kuchongoka.